Nyumba ya Mbao Mbichi

Njuguna mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako sitaiuliza. Nimekuona mchana huu ukimaliza mukimo uliokuwa wa watu watatu, kisha ukamgeukia dada yako ukamwuliza kama ameshiba. U mzima, na una bahati kwamba Nyokabi anakupenda. Mimi pia ni mzima, ila macho yananiwasha na sijakata kitunguu chochote.

Umeteremka senta, kule madukani, kuwaaga wenzako. Nyokabi yuko zizini anakamua. Jua bado liko juu ya mikaratusi ya jirani, nami nimekaa kwenye kiti changu cha jikoni, kile kinachotazama mlango. Kupitia mlango naiona nyumba yako ng'ambo ya uwanja. Kesho asubuhi itakuwa haina mtu, wewe ukiwa kwenye basi la kwenda chuoni Eldoret.

Mambo ya blanketi, ya kufua soksi na ya kutokula chipsi kila siku nimeyaruka. Dada yako amekuhubiria hayo wiki nzima, na yule ana mdomo kunishinda. Mimi nina jambo moja tu.

Jumanne tulikuwa storini tukichagua viazi, vikubwa vya kuuza huku, vidogo vya mbegu kule. Ulikuwa unakwangua udongo kwenye kiazi kwa kidole gumba. Hukuniangalia. Ukaniuliza, "Mum, na kama hii kichwa yangu iliharibika ile miaka? Nikipata shida huko Eldoret, si nitarudi tu vile nilikuwa?"

Nami nikakujibu nini? "Wacha maneno mingi, chagua viazi." Ai, mdomo wangu huu! Umeniomba jibu, nimekupa kazi. Ulicheka kidogo, ukainama, ukaendelea, lakini nilikuona ukimaliza gunia zima bila kusema neno lingine. Tangu siku hiyo natembea na swali lako kama kokoto ndani ya kiatu cha gambuti. Basi jibu ni hili. Ni refu kwa sababu linaanzia mbali, na sehemu nyingine unazijua, lakini vumilia, ni mama yako anaongea.

Linaanzia kwa baba yako. Ulikuwa darasa la nane. Alikuwa amekohoa miezi na miezi, na ukaizoea ile sauti jinsi mtu anavyozoea mbwa wa jirani, mpaka asubuhi ile boma likawa kimya. Siku ya mazishi ulivaa koti lake la kijivu. Mikono yake ilikufunika vidole vyote. Kila mtu aliyekushika mkono alikuambia neno lile lile: "Sasa wewe ndiye mzee wa boma hii." Wazee walisema, mchungaji akasema, akina mama wa chama changu wakasema. Na mimi nikasema, Njuguna. Nilikuinamia sikioni nikakuambia usilie, maana nani atamshika dada yako ukilia wewe? Ukatikisa kichwa. Hukutoa hata chozi moja, na watu wakanipongeza kwa kuzaa mwanaume.

Desemba ikafika, na wenzako wa darasa la nane wakawa wanaingia jandoni. Mimi nilikuwa na wasiwasi kidogo, nikamwambia anko wako Karanja tungoje mwaka mmoja. Akaruka. "Tungoje nini? Wenzake waingie, yeye abaki mtoto? Nani atamheshimu?" Unajua anko wako akishika neno. Na kwa kweli hakusema kitu ambacho mtu mwingine yeyote hapa Dundori hangesema. Kijana akitoka huko ni mwanaume, ana nyumba yake, na mama yake haingii humo tena. Nililijua hilo tangu ulipozaliwa. Hata nilikuwa na hamu ya kuiona siku hiyo.

Basi nyumba yako ikajengwa haraka haraka, maana ulikuwa karibu kutoka. Siku mbili tu. Mbao zilitoka kwa mti uliokatwa wiki ile ile, na fundi alipopiga msumari nikaona maji yanatoka kando ya msumari, kama mtu anayetokwa jasho. Akaniambia, "Mathe, hizi mbao bado ni mbichi. Zikikauka zitajikunja, zitaachana." Anko wako akamkata: "Wewe jenga. Nyumba ni nyumba." Sote tukakubali. Ikasimama vizuri sana, imenyooka, inanukia, na nikapiga vigelegele ulipoingia. Ulikuwa na miaka kumi na minne.

Kufikia Pasaka mbao zilikuwa zimeachana. Kati ya ubao na ubao ungeweza kupitisha kidole. Jioni ukiwasha taa, nyumba yako ilionekana huku jikoni kama imechorwa mistari ya mwanga kutoka juu hadi chini. Nami nilikaa hapa kwenye kiti changu, taa ya jikoni ikiwaka, nafuma sweta, nikitazama ile mistari. Ikizimika, nazima yangu nalala. Huo ndio ulikuwa umama wangu wote wakati huo. Chakula chako kilipelekwa na Nyokabi mpaka mlangoni. Maneno yangu kwako yalikuwa ya mtu kwa mzee wa boma: ng'ombe amepanda joto, ua limeanguka, mwambie fulani alete mbolea. Ukirudi likizo kutoka shule ya bweni nilikupa nusu ya shida zangu uzibebe, na nikajiambia nakupa heshima.

Wacha nikueleze kwa nini sikuona ubaya. Mimi nilikua Rongai, unajua. Nilikuwa na umri wako ule wakati tulipohama usiku kukimbia vita, vitu vikiwa juu ya trekta ya mtu na sisi juu ya vitu. Mama yangu alinipa mtoto mdogo nimshike, akaniambia usilie. Sikulia. Nilifika huku juu na mikono imekufa ganzi, na kutoka siku hiyo nikawa mtu mgumu. Nilidhani ndio nguvu. Nilidhani nimepewa kitu kizuri, nikakitunza, nikakupa na wewe. Kesho basi lako litapita karibu na huko. Mimi mpaka leo nikipita upande ule huangalia miguu yangu mpaka tupite.

Kidato cha pili ndipo mambo yalipoharibika, au ndivyo tulivyosema wakati huo. Kwanza ni barua ya kupigana. Halafu nyingine. Halafu nikaitwa shuleni nikakukuta nje ya ofisi, mkono umefungwa kitambaa, kwa sababu ulikuwa umevunja madirisha ya bwalo la chakula, mengine kwa mawe na mengine kwa ngumi. Mwalimu akasema ulianza kwa sababu mwenzako aligonga sahani nyuma yako. Sahani tu! Wakakurudisha nyumbani muhula mzima. Njiani nikakuambia lile neno. "Baba yako angekuwa hai angeona haya." Ulitazama nje, ukaning'iniza ule mkono wako uliofungwa. Neno hilo ningelimeza tena kama ningeweza.

Ukajifungia. Ulilala mpaka jua linakaribia utosini. Nilikuwa nakuja kugonga mlango wako kwa mwiko, nikipiga kelele majirani wasikie kwamba mimi silei uvivu. Chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Anko Karanja akaahidi kuja na fimbo. Akina mama wa chama wakaja kuomba, wakaomba vizuri, wakaenda. Halafu siku moja Nyokabi akaniambia, kama mtu anayesema habari ya kuku, "Mum, Njuguna huongea na baba." Nikamwuliza baba nani. Akasema, "Baba yetu. Nimesikia kwa mbao. Anamwambia asikohoe."

Nikaweka sufuria chini. Siku iliyofuata nikashuka Nakuru mjini mpaka hospitalini, nikauliza mahali watu huongea mambo ya kichwa. Walinielekeza kwa mshauri mmoja, msichana aliyesukwa rasta nyembamba, mdogo kuliko mpwa wangu. Nikataka kurudi. Akaniuliza, "Mama, mtoto ana miaka mingapi?"

"Si mtoto. Ametahiriwa."

"Sawa mama. Lakini ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Akatabasamu, akaniambia niketi vizuri. Na Njuguna, mambo niliyoyasikia kwenye kile chumba kidogo, na kelele za watoto wanaochanjwa upande wa pili, sijawahi kusikia mahali pengine, wala kanisani.

Aliniambia hivi: "Kijana wako bado anajengwa. Mwili unaweza kumaliza mapema, ndevu zikatoka, sauti ikawa nzito, lakini ubongo bado uko kazini, mpaka apite miaka ishirini na kitu. Na haumaliziki pande zote mara moja. Upande wa hofu, wa hasira, wa kutaka raha, huo unawaka mapema na nguvu zake zote. Huu wa mbele," akagusa paji la uso, "wa kungoja, wa kupima, wa kusema wacha nifikirie kwanza, huu ndio wa mwisho kabisa."

"Wa mwisho lini?" nikamwuliza.

"Hata huyo wako, bado miaka kadhaa."

Nikaona ile nyumba ya siku mbili. Nikaona maji yakitoka kando ya msumari. Tulikuwa tumekupa boma lote ulibebe na upande wa kubebea haujamalizika!

Nikamwuliza, na msiba ukiingia katikati ya ujenzi? Akasema ndani ya kichwa kuna kitu kama kengele ya hatari, na mtoto aliyeumia sana, halafu akaachwa peke yake na maumivu, kengele yake hujifunza kulia kila saa. Mtu akigonga sahani nyuma yake, inalia. Mwalimu akipaza sauti, inalia. Yeye hajui ni kengele. Anachojua ni kwamba lazima apigane, au akimbie, au ajifungie. Akaniambia pia kwamba kulala mpaka mchana si uvivu wote, kwa sababu katika umri huo saa ya mwili husogea mbele, usingizi ukachelewa kuja na ukachelewa kuondoka, na ukiongeza majonzi juu yake ndio basi. Nikaukumbuka mwiko wangu nikaona haya.

Kisha nikamwuliza swali lako. Ndiyo, lile lile la Jumanne. Nilikutangulia kuliuliza. "Kwa hivyo ameharibika?"

Msichana yule akaniangalia moja kwa moja. "Mama, kitu ambacho bado kinajengwa utasemaje kimeharibika? Kwa sababu hakijafungwa, baya limeingia. Na kwa sababu hakijafungwa, zuri pia litaingia. Ubongo wa umri huu unajipanga upya kila siku kufuatana na yale unayoishi nayo. Mpe usingizi. Mpe muda. Na apate mtu mmoja asiyeondoka."

"Mmoja tu?"

"Wa kuanzia, mmoja anatosha."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi nje ya geti. Ilikuwa saa ya shule kufunga. Vijana walikuwa wanapita makundi makundi, mashati nje, wanasukumana, mmoja anatafuna muwa, mwingine anamwimbia msichana kitu cha kipumbavu mpaka akapigwa na begi. Nikawatazama mapaji ya uso. Nilitazama mpaka mmoja akaniambia, "Mathe, niaje, tunajuana?" Nilikuwa nafikiria kwamba ndani ya kila kichwa pale kuna kazi inaendelea, usiku na mchana, bila kelele, bila mtu wa kuisimamia. Huyu anatafuna muwa na huku anajengwa. Yule anapigwa na begi na anajengwa. Na wewe kule Dundori, umelala kifudifudi na mlango umefungwa, hutaki kula, hutaki mtu, na bado kazi inaendelea ndani yako, haijakuacha hata saa moja. Mungu wangu, nilishangaa! Nimepanda viazi maisha yangu yote, nimevuta ndama kwa mikono hii, na sikuwa nimewahi kuona kitu kikubwa namna hiyo. Nililia pale benchini na sikujificha, na mwanamke wa kuuza njugu akanipa karatasi ya kufungia njugu nijipanguse.

Nikarudi nyumbani na shida moja. Mtu asiyeondoka anakuwaje, na mama haingii nyumba ya kijana? Sikutaka kuvunja mila yetu. Nilikuwa nimekuvunjia mengi tayari, mlango ulikuwa wako. Basi nikachukua kigoda, beseni ya viazi na kisu, nikaketi nje ya mlango wako, kwenye kizingiti. Sikugonga. Nikamenya. Kesho yake nikarudi. Viazi vya chakula cha siku hiyo vilimenywa pale, vya wageni vilimenywa pale, na siku ambayo hakukuwa na haja ya viazi nilimenya tu, ng'ombe wakafaidi.

Anko Karanja alikuja na fimbo yake kama alivyoahidi. Akanikuta kizingitini. Akauliza kama nimekuwa mlinzi. Nikamwambia, "Karanja, ulinijengea nyumba ya mbao mbichi kwa siku mbili, na ona hizo nyufa. Na mtu naye unataka umjenge kwa mwezi mmoja wa Desemba?" Alisimama hapo akiitazama ile nyumba muda mrefu. Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Akaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata nikakuta rundo la vipande vya mbao nyembamba vimeegemezwa ukutani kwako, vikavu kabisa, na mfuko wa misumari. Hakusema ni nani ameleta, na mimi sikuuliza. Anko wako ni mtu mzuri, Njuguna, ila wema wake huja bila kubisha hodi na bila maneno.

Ulifungua siku gani, sikumbuki. Nakumbuka mlango umelia, ukatoka umevaa lile koti la kijivu, ukachukua kisu changu cha pili. Ukamenya vibaya sana, nusu ya kiazi ikienda na ganda. Nikauma ulimi. Tukaongea habari za mpira ambao mimi siujui, nikakuuliza maswali ya kijinga makusudi, mpaka ukanicheka. Tukakaa hivyo siku nyingi. Halafu jioni moja ukasema, "Mum, mimi sikulia."

Nikakuambia, "Najua. Tulikukataza."

Ukalia na kiazi mkononi. Ulilia kwa sauti mpaka Nyokabi akatoka zizini na ndoo. Kila mfupa mwilini mwangu ulitaka kusema nyamaza, na sikusema. Nimelima nikiwa na mimba yako ya miezi minane, nimemzika mume, lakini kuufunga mdomo wangu jioni ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nyokabi akaweka ndoo chini, akaketi upande wako wa pili, na maziwa yakapoa.

Usinielewe vibaya, haikuwa muujiza wa siku moja. Nilikupeleka kwa yule mshauri mara nyingi, mara nyingine ulikataa kushuka kitandani. Ulirudi shuleni, ukapigana tena mara moja, ukapiga simu mwenyewe kunieleza kabla mwalimu hajapiga. Hilo la kupiga simu nililisimulia kwa watu kama umeshinda zawadi. Na mwaka jana matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na hayakuwa yale uliyotaka, uliingia jikoni uso umebadilika, nikajua sasa vyombo vinavunjika. Ukasema, "Mum, nimekasirika sana. Nipe nusu saa." Ukatoka, ukalima mistari miwili ya shamba peke yako kama trekta, ukarudi ukaomba chai. Nilikumiminia chai. Nina miaka arobaini na minane na sijawahi kuisema sentensi hiyo. Nimekasirika, nipe nusu saa! Nani alikufundisha? Mimi sikukufundisha, mimi ni mtu wa mwiko. Ulijijenga mwenyewe, mtoto wangu, kwa vifaa ambavyo sikukupa.

Kuna jambo moja liliniuma ulipokuwa na ile miaka kumi na sita, na sikuwahi kukuambia. Kabla hujarudi shuleni ulianza kupigilia vipande vya anko wako juu ya nyufa. Kila jioni nikikaa hapa na sweta langu, nilikuta mstari mmoja wa mwanga umepungua. Leo kumi, kesho saba. Nilifurahi kwa sababu baridi ya Dundori si ya mchezo, lakini nilihisi kama unanifungia nje kidogo kidogo. Nikajiambia ni haki yake, ni kijana mkubwa, hataki kutazamwa na mama yake. Ikabaki mistari mitatu, miwili, mmoja. Huo mmoja ukabaki. Nilidhani misumari imekuishia.

Asubuhi ya leo uliniwekea ufunguo wako mezani. Ukasema, kama kitu kidogo, "Uwe unaingia unafungua dirisha, mbao zisiote ukungu." Nikasema sawa, nikageukia chai. Ulipoteremka senta nikauchukua ule ufunguo na nikavuka uwanja. Nilisimama kizingitini, mahali pa kigoda changu, nikatazama nyuma kama mwizi. Halafu nikaingia, kwa mara ya kwanza.

Nyumba yako inanukia mbao na sabuni. Umetandika kitanda, jambo ambalo Nyokabi hataliamini. Koti la baba yako liko kwenye msumari, na nimelipima kwa macho, sasa ni lako kweli, hata mikono imekuwa mifupi. Nikapapasa kuta. Umezipiga vizuri, vipande vimenyooka, hata upepo haupiti. Kuta tatu hazina hata tundu la sindano. Ya nne, inayotazama huku, ina ufa mmoja ulioachwa, karibu na kitanda, usawa wa mto. Na chini ya kitanda nikauona mfuko wa misumari, imebaki zaidi ya nusu.

Njuguna, nililala kwenye kitanda chako. Nisamehe. Niliweka kichwa changu kwenye mto wako na nikafumba jicho moja. Nikaona mlango wa jikoni. Nikaona kiti changu. Nikaiona taa juu yake, ambayo nilikuwa nimesahau kuizima tangu alfajiri.

Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi nakulinda. Nilikaa hapa nikihesabu mistari yako, nikijiambia hajui, amelala, hataki mtu. Na wewe ulikuwa umelala humo na upepo wa mlimani unakupiga usoni, vipande viko, misumari iko, nyundo iko, na ukakataa kuuziba ufa mmoja ili uone kama taa ya mama yako inawaka. Katika miaka ile mibaya. Wakati kengele inalia kila saa, siku nyingine bado hutaki chakula, wakati sisi wakubwa tunasema kijana ameharibika. Kuna sehemu ndani yako ilikuwa macho, ikachagua.

Basi jibu la Jumanne ni hilo. Utapata shida Eldoret? Utapata, kila mtu hupata. Kengele italia tena? Siku nyingine italia, na kwa kitu kidogo, na utaona aibu. Chukua nusu saa yako. Wala sikupi ahadi kwamba hutaumia, maana ningekuwa naongea kama siku ya mazishi. Lakini umeniuliza kama kichwa chako kiliharibika, na mimi nimelala mahali ulipokuwa unalala nikaona kwa jicho langu. Kichwa kilichoharibika hakijui ni ufa upi usizibwe. Chako kilijua ukiwa na miaka kumi na sita, na kilikuwa hakijamalizika hata kujengwa. Sasa hebu fikiria kitakavyokuwa kikimalizika! Mimi mama yako naogopa kwa kustaajabu, kweli.

Huko uendako tafuta ufa wako mwingine, mtu mmoja, yeyote, ambaye taa yake unaweza kuiona. Na ikikosekana, piga simu hata kama ni kunyamaza tu. Nitamenya viazi upande wangu.

Nasikia lango. Unaongea na mbwa, unamwambia atakukosa. Nitaikunja barua hii, na ukiwa unakula nivuke niiweke ndani ya mfuko wa koti la kijivu, maana najua utalivaa kesho. Ufunguo nimeutundika. Dirisha nitalifungua kila Jumamosi, nitapangusa vumbi, na ule ufa, mtu yeyote asiuguse, hata anko wako akija na vipande vyake.

Taa ya jikoni leo naiwasha tena mapema. Ukiingia kulala, najua utatazama.

Ni mimi mama yako, wa ng'ambo ya uwanja.